Sista wa Mashine ya Mishale

Sista alishikilia kwamba yeye hachezi. Ungemkuta amesimama juu ya jukwaa la mashine, anahema, jasho limeloanisha kitambaa cheupe alichofungia nywele, na ukimwuliza amejifunza wapi kucheza hivyo angekujibu bila kugeuka, "Mimi sichezi. Wanaocheza wako klabu." Halafu angechagua wimbo mwingine.

Nilimjua kwa miaka mingi, na muda wote huo hakuwahi kulipa jambo lile jina. Alisema tu, "Naenda pale juu." Pale juu palikuwa ukumbi wa mashine za michezo, orofa ya pili ya jengo moja katikati ya Eldoret, juu ya duka la vitambaa. Kulikuwa na mashine ya kuendesha gari ambayo usukani wake ulikuwa umelegea, mashine mbili za kupiga risasi, na kwenye kona, karibu na dirisha linalotazama barabara, mashine ya mishale.

Asiyeijua aelewe hivi. Kuna skrini kubwa, na mbele yake jukwaa lenye mishale minne: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Muziki ukianza, mishale inapanda kwenye skrini, na kila mshale ukifika juu unakanyaga mwenzake wa chini wakati ule ule, si kabla, si baada. Mashine inakuhukumu papo hapo kwa maandishi ya Kiingereza, ambayo sisi tuliyageuza hivi: sawasawa, umewahi, umechelewa, umekosa. Ukikosa sana inakukatia wimbo katikati. Mashine hizi hutoka Japani, na kila baada ya muda hutolewa toleo jipya lenye nyimbo mpya. Yetu ilikuwa ya toleo la zamani, iliyofika Eldoret baada ya kutumika kwingine mpaka wenyewe wakaichoka. Spika moja ilikuwa imekufa. Mshale wa kulia ulitaka kukanyagwa kwa nguvu kidogo. Sisi tulioipenda tulijua hayo yote kama mtu anavyojua tabia za ng'ombe wake.

Hatukuwa wengi. Mimi nilikuwa msichana anayesomea ualimu, nimetoka Ziwa, mji mdogo wa wakulima wa mahindi. Kiptoo alikuwa mkimbiaji anayeishi kambini Kaptagat. Alishuka mjini siku ya mapumziko, na kocha wake alidhani anaenda kunyolewa. Mhudumu wa ukumbi tulimwita Meneja kwa sababu alikuwa na funguo. Kulikuwa na wengine waliokuja na kupotea, wanafunzi wengi wao. Sista ndiye aliyekuwa mtu mzima pekee.

Jina lake nililijua baadaye, kwa bahati mbaya, nikiwa nimebeba mkoba wake uliokuwa na kitambulisho cha kazini, na sikulitumia hata siku moja. Alikuwa nesi wa wodi ya kina mama, basi alikuwa Sista. Alikuja akitoka shifti ya asubuhi, amevaa sweta ya bluu juu ya gauni la kazi, na raba zake ndani ya mfuko wa plastiki. Mara ya kwanza Meneja alidhani amefuata mtoto.

"Mama, leo hajafika," akamwambia, kabla hata hajaulizwa.

"Nani hajafika?"

"Mtoto wako."

"Kwani wewe unajua nina mtoto gani?" Akavua viatu vya kazi, akavipanga ukutani, akavaa raba. Mimi nilikuwa nimesimama karibu. Akaninyooshea mkoba. "Shika."

Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia. Nilishika.

Siku ile hakucheza vizuri. Alikuwa mwanafunzi kama sisi sote tulivyokuwa, ila hakuona haya. Mashine ilimkatia wimbo, akaanza tena, ikamkatia, akaanza tena. Vijana walicheka. Yeye aliwatazama jinsi nesi anavyomtazama mgonjwa anayekataa dawa: bila hasira, na bila nia ya kuondoka.

Baada ya mwaka hivi hakukuwa na mtu wa kumfikia.

*

Uchezaji wake haukuwa wa kupendeza macho. Kiptoo alirusha mikono, alizunguka, alimaliza wimbo kwa kuruka kinyumenyume. Watu walisimama kumtazama. Sista, kuanzia kiunoni kwenda juu, hakutikisika. Ungedhani amebeba trei ya sindano na hataki hata moja ianguke. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma kipimajoto. Kazi yote ilikuwa miguuni, na miguu yenyewe haikuinuka sana. Ilisogea tu, kidogo, mahali panapotakiwa. Maandishi kwenye skrini yalirudia neno moja: sawasawa, sawasawa, sawasawa.

Kiptoo hakuelewa. Alikuwa na mapafu ya kukimbia kutoka Kaptagat mpaka mjini bila kusimama, na bado alikuwa akishindwa na mwanamke wa makamo aliyekuwa amesimama wodini tangu alfajiri.

"Sista, niambie siri," akamwomba siku moja.

"Unakimbia," Sista akasema.

"Si ndiyo kazi yangu?"

"Hapa hakuna mahali unaenda. Ngoja mshale ufike. Wewe unaufuata huko chini kama umekuibia."

Kiptoo alicheka, lakini nilimwona akijaribu. Alichukua muda mrefu kujifunza kungoja.

Sista alikuwa na maneno ya aina hiyo, na hakuyasema kama mafundisho. Aliyasema kama anavyomwambia mtu asogee apite. Mtu akikosa mshale mmoja na kuanza kulaani, alimwambia, "Huo umeenda. Na sasa umekosa mwingine kwa sababu ya domo." Mtu akisifiwa sana alimwambia akanywe maji. Hakuruhusu matusi karibu na mashine, wala kutafuna bablishi, kwa sababu kuna siku ilimnasa kwenye raba. Alimfundisha Meneja kupiga deki jukwaa kila asubuhi kwa maji yenye dawa, na Meneja, ambaye hakumtii mwenye jengo, alimtii yeye.

*

Majina ya nyimbo za mashine ile yaliandikwa kwa herufi za Kijapani, nasi hatukuweza kusoma hata moja, kwa hiyo tulizipa majina yetu. Kulikuwa na Garimoshi, kwa sababu ya mlio wake. Kulikuwa na Nyuki. Kulikuwa na Mwalimu wa Zamu, ambao ulianza polepole na ghafla ukakukuta hujajiandaa.

Sista alikataa majina hayo. Alikuwa na yake, na yote yalitoka wodini. Wimbo wa matone matone aliuita Dripu. Ule wa kasi mwanzo hadi mwisho aliuita Dharura. Na ule uliokuwa mgumu kuliko yote, ulioanza taratibu, ukaja kwa nguvu, ukanyamaza kabisa, ukarudi kwa nguvu zaidi, ukanyamaza tena ukakufanya udhani umeisha, aliuita Leba, kama uchungu wa kuzaa.

Wavulana walicheka wakiona aibu. Lakini baada ya muda hata wao walikuwa wakisema, "Leo nimeweza Leba mpaka katikati," na watu wa mashine ya gari wakageuka kuwatazama.

*

Kulikuwa na mambo yake ambayo hayakukaa pamoja, nami sikujaribu kuyapatanisha.

Alichukia kelele. Mtaani kwake Kapsoya kulikuwa na baa iliyofungulia muziki mkubwa, naye alikwenda kwa chifu kulalamika, akarudi tena, mpaka chifu akawa anajificha akimwona. Lakini pale juu alimtaka Meneja aongeze sauti, na akiambiwa spika imefikia mwisho, aliinama akaweka sikio karibu nayo kuhakikisha.

Alituonya kuhusu chipsi, mafuta na soda kwa maneno ya kutisha, mishipa ikiziba, moyo ukivimba. Akimaliza, alitoa kwenye mkoba pakiti ya biskuti akazila zote peke yake, amegeukia dirishani. Hakutukaribisha hata mara moja. Lakini nilipougua malaria mwaka wangu wa mwisho chuoni, alikuja bwenini akiwa na chupa ya uji, akamfukuza mwenzangu kitandani kwake, akakaa mpaka nikaumaliza. "Kunywa," alisema. "Usinitazame. Kunywa."

Nilipomwambia kwamba natoka Ziwa alicheka kwa mara ya kwanza nikimwona.

"Ziwa yenye haina maji?"

"Ndiyo hiyo, Sista."

"Mimi ndiye nimetoka ziwani. Ziwa yenyewe, yenye samaki. Na nyinyi wa mahindi mmechukua jina." Tangu hapo nilikuwa "wewe wa Ziwa". Alizungumza Kiswahili cha kwao, mashine ikawa "masine" na mshale ukawa "msale", na Kiptoo alipomwigiza, alimwambia atamuiga yeye vilevile, akamuiga, vizuri sana, mpaka Kiptoo akanyamaza.

Jumamosi hakuja. Kanisa lake lilisali Jumamosi, na yeye alikuwa mwalimu wa kwaya. Nilikwenda kuisikiliza mara moja. Alisimama mbele yao ameshika kijiti, amevaa sketi ndefu ya rangi ya udongo, na mwili wake ulikuwa umetulia vile vile. Kwaya iliimba kana kwamba ina pafu moja. Mwanakwaya mmoja aliingia mapema kidogo, kidogo sana, sidhani kuna mtu mwingine aliyesikia. Sista alimtazama. Mwanakwaya akatazama chini.

Kwa nini alikuja pale juu, alinieleza siku moja tu, wala sikuwa nimemwuliza. Mvua ilikuwa inanyesha, tumekwama sote ukumbini, stima imekatika na mashine imezima. Alikuwa anafuta raba zake kwa karatasi.

"Wodini mtu anakuita," akasema. "Unaenda. Mwingine anakuita, unaenda. Na mambo yakiharibika, usiku unalala ukijiuliza, nilichelewa? Ama nilifika mapema nikaharakisha kitu? Hakuna mtu anakuambia. Daktari hajui. Wewe hujui. Mama mwenyewe hajui." Akavipanga viatu. "Hii kitu inakuambia. Saa hiyo hiyo. Umewahi, umechelewa. Unaenda nyumbani ukijua."

Stima ilirudi, Meneja akawasha, naye akapanda.

*

Jambo lililomletea taabu halikuanza na sisi. Kijana mmoja aliyekuja kwa ajili ya mashine ya gari alimpiga video. Sista alionekana kutoka nyuma na upande, gauni la kazi, sweta ya bluu, kitambaa cheupe, miguu ikienda. Kama kijana huyo angeiacha hivyo, sidhani kingetokea kitu. Lakini alitoa sauti ya mashine na badala yake akaweka wimbo wa klabu, wenye maneno ambayo siwezi kuyaandika, na kwa bahati mbaya mapigo yalilingana. Ilionekana kama nesi mzima anacheza uchafu hadharani akiwa na sare ya kazi. Ilisambaa Eldoret yote. Mama yangu aliipokea Ziwa. Binamu yangu aliipokea kule Soy. Mwisho ilifika kwenye grupu ya kwaya.

Baraza la kanisa lilimwita.

Mimi na Kiptoo tulikuwa na hasira kuliko yeye. Kiptoo alikuwa amewahi kurekodi wimbo ule ule, kutoka mashine ile ile, kwa simu yake, na sauti halisi ilikuwepo. Tulipanga tuende tukawaonyeshe wazee. Kambini hawakumruhusu kutoka, kwa hiyo alinitumia rekodi, nami nikamsubiri Sista nje ya nyumba yake siku hiyo ya kuitwa.

"Sista, ninayo hapa. Watasikia wenyewe kwamba wimbo umebadilishwa."

Aliendelea kutembea. "Weka simu kwa mfuko."

"Lakini si kweli. Huo wimbo si wako."

"Miguu ni yangu," akasema. "Wimbo watabadilisha wakitaka."

Nilimfuata mpaka kanisani nikakaa kwenye benchi la barazani, chini ya dirisha la ofisi. Lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mzee mwenye sauti ya upole, mkulima wa huko huko Uasin Gishu, na ilisikika wazi kwamba hakufurahia kazi ile.

"Mama, hii video umeiona?"

"Nimeiona, Mzee."

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

Nadhani walikuwa wamejiandaa kwa jibu lingine. Mwanamke mmoja wa baraza akajaribu kumsaidia. "Dada, labda daktari alikuambia ufanye mazoezi? Ama kuna mtu alikulazimisha?"

"Hakuna mtu amenilazimisha."

"Sasa ulikuwa unafanya nini pale?"

Mimi nje nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili.

"Napenda," Sista akasema.

Nilikuwa nimemjua muda wote ule na sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Mwenyekiti alikohoa. Aliuliza kama ana la kuongeza, akasema hana. Walimwomba atoke, akatoka, akakaa nami kwenye benchi, mkoba magotini, akitazama kuku wa mlinzi wa kanisa wakichakura. Walipomwita tena hakukaa sana. Walimpumzisha kwaya nusu mwaka, na muda huo asikae mbele na viongozi. Angekaa nyuma kama mgeni.

Njiani sikuweza kujizuia. "Sista, kwa nini hukuwaambia?"

"Ningewaambia wimbo ni mwingine, wangeuliza ni gani. Ningesema ni wa Wajapani, wangeuliza unasema nini. Najua unasema nini? Sijui. Ningekaa pale mpaka jioni nikitetea kitu sikielewi." Alitembea kidogo. "Na kama ungekuwa wimbo mchafu kweli? Ningekuwa nimecheza tu. Ni mapigo nafuata, si maneno."

Jumatatu alikuja pale juu saa yake ile ile. Ukumbi ulinyamaza. Hata mtu wa mashine ya gari aliachilia usukani. Sista alitupa jicho sote, akaanza kufungua mfuko wa raba.

"Kwani mmefiwa?"

Akapanda akachagua Leba. Alianza vizuri. Kwenye kimya cha kwanza alingoja, kwenye cha pili aliingia nyuma ya muda, kisha nyuma zaidi, na mashine ikamkatia. Hakuna aliyewahi kuona ikimkatia tangu siku zile za mwanzo. Alisimama akitazama skrini nyeusi.

"Leo nimechelewa kila mahali," akasema, akashuka, akanipokonya mkoba, akaenda nyumbani.

Aliendelea kuja, hata hivyo. Na kila Jumamosi alikaa benchi la nyuma. Mwanakwaya mmoja aliniambia baadaye kwamba nusu mwaka ule kwaya iliimba vibaya, kila mtu na wakati wake, na kwamba Sista alikaa kule nyuma ameinamisha kichwa, na hakuna aliyejua kama anaomba au anavumilia. Muda ulipoisha mwenyekiti alimkabidhi kijiti mbele ya kanisa lote. Alikipokea, akawageukia, akawaambia waanze na sauti ya pili, kwa sababu ndiyo iliyoharibika zaidi.

*

Ukumbi ulifungwa wakati wa korona, haukufunguliwa tena. Mashine ya mishale iliteremshwa kwa kamba, ikapakiwa kwenye lori. Meneja alisema imeenda Kampala, wengine walisema imevunjwa ikauzwa vipande. Sikufuatilia. Nilikuwa nimeanza kufundisha shule ya msingi Ziwa, nimeolewa, nina mtoto. Sista alikuwa amestaafu.

Kiptoo alipata timu ya kukimbilia Japani. Huko aliingia katika jumba la mashine akakuta ndugu wa mashine yetu: mashine ya mishale ya toleo jipya, taa kila upande, jukwaa linang'aa, foleni ya vijana waliovaa glavu. Alipitia orodha ya nyimbo, akisikiliza mmoja mmoja, mpaka akaipata Leba. Bado ipo. Alimwomba Mjapani mmoja wa timu yake amtafsirie jina, kisha akatutumia sauti mimi na Sista, anacheka mpaka hasikiki. Jina lake halisi ni kitu kama Mvua Nyepesi ya Masika.

Nilimpigia Sista nijue ameisikia.

"Nimesikia," akasema. "Waambie Wajapani wamekosea."

Ndivyo tulivyoendelea kuwasiliana, mara moja moja, kwa mambo madogo. Aliniambia walipomchagua kuwa mzee wa kanisa, akaingia lile lile baraza lililomwita. Aliniambia goti linamsumbua. Kisha siku moja, katikati ya habari za mahindi, akasema, "Tumempumzisha msichana mmoja wa kwaya. Video."

"Video gani?"

"Anacheza. Sherehe ya rafiki yake, wako na pombe mezani."

"Na wewe ulikubali apumzishwe?"

"Mimi ndiye niliinua mkono wa kwanza."

"Sista. Wewe? Kwa kucheza?"

"Si kwa kucheza. Tulimwuliza, huyu ni wewe? Akasema si yeye. Akaapa. Akaweka mkono kwa Biblia akasema ni mtu anafanana na yeye. Na ni yeye."

"Ana umri gani?"

"Kumi na tisa."

"Aliogopa, Sista. Mtoto aliogopa tu."

"Najua aliogopa," akasema. Kisha akasema mgonjwa wa jirani anamwita, tukaagana.

Sikumpigia tena kwa muda. Sikuwa nimekasirika hasa. Niliona tu kwamba nilikuwa nimemdhania kuwa mtu mwingine, na huyu ndiye aliyekuwepo.

*

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa nne. Nilikuwa nimekuja mjini kununua vitabu vya darasa langu, nikamaliza mapema, na miguu ikanipeleka upande wa kanisa lake. Ibada ilikuwa imeanza. Nilisimama mlangoni nikitazama mbele, mahali wazee wa baraza hukaa kwenye viti vyenye mito. Mwenyekiti alikuwepo, mzee zaidi, amelala kidogo. Kiti kilicho kando yake kilikuwa kitupu.

"Unatafuta nani, dada?" mlinda mlango akaninong'oneza.

"Sista. Nesi. Hajaja leo? Ni mgonjwa?"

"Yupo." Akanyoosha kidole kuelekea benchi la mwisho kabisa, nyuma ya nguzo, ambapo upepo wa mlango hupita. "Siku hizi hukaa pale."

"Kwani naye amepumzishwa?"

"Hapana. Alikuja tu akakaa. Tangu Jumamosi ile ya kwanza yule msichana wa kwaya aliyepumzishwa alipokaa nyuma. Mwenyekiti alimfuata akamwambia, Mama, rudi kwa kiti chako. Akasema kiti hakiendi mahali."

Niliwaona. Msichana alikuwa amevaa sweta ya shule ya zamani, kichwa ameinamisha, mikono ameibana katikati ya mapaja. Sista alikuwa kando yake, mgongo umenyooka, mkongojo umeegemea benchi, nywele zimekuwa nyeupe kabisa. Walikuwa na kitabu kimoja cha nyimbo. Sista ndiye aliyekishika, lakini alikuwa amekisogeza upande wa msichana kiasi kwamba yeye mwenyewe, kwa macho yake ya uzee, hangeweza kusoma kitu.

Kwaya ilisimama. Mwalimu mpya aliinua kijiti. Wakaanza, na sauti ya pili ikaingia mapema. Niliona taya la Sista likikaza. Msichana naye alisikia, akamtupia jicho, na kwa mara ya kwanza akawa kama anataka kutabasamu. Sista hakumtazama.

"Imba," akamwambia, kwa sauti niliyoisikia mpaka mlangoni.

"Si nimekatazwa, Sista."

"Umekatazwa kule mbele. Hapa ni nyuma. Imba."

Msichana akaimba, kwanza kama mtu anayejisemea, kisha vizuri. Alikuwa na sauti nzuri ya chini. Sista hakuimba. Alisikiliza.

Walipofika ubeti wa tatu aligeuza shingo, polepole kwa sababu ya umri, akaniona nimesimama pale na mfuko wa vitabu. Hakuonyesha mshangao wowote. Akauondoa mkongojo, akasogea. Msichana naye akasogea, bila kuacha kuimba. Nikaenda nikakaa.